Feliks Nowowiejski: maswali mnayouliza kila mara kuhusu mtunzi, mpiga kinanda na mwalimu kutoka Poland

Tangu nianze kuwasikilizisha wanakwaya wenzangu rekodi za huyu mzee, maswali yanayokuja ni yaleyale, wiki hii anauliza huyu, wiki ijayo anauliza yule, nikaona bora nikae niyajibu yote sehemu moja. Mi napiga kinanda parokiani na nafundisha kwaya, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa kinanda, na pale ambapo napenda sana nitakaa kidogo, mnisamehe.

Kwa kifupi, Nowowiejski ni nani?

Alizaliwa tarehe 7 Februari 1877 kwenye kamji kanaitwa Barczewo, mkoa wa Warmia ulioko kaskazini mwa Poland ya leo, akafariki Poznań tarehe 18 Januari 1946. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa (namaanisha kile kikubwa cha mabomba), mtunzi, kondakta na profesa wa muziki. Kama unataka kumpata haraka kichwani mfikirie mwalimu wa kwaya wa parokia yenu, yule anayetunga mwenyewe, anapiga mwenyewe, anafundisha sauti zote nne mwenyewe, na Jumapili mkono mmoja uko kwenye kinanda mwingine unaongoza kwaya. Sasa mtu wa namna hiyo mpe shule za juu kabisa za Berlin, mpe zawadi za kimataifa, halafu azaliwe kwenye nchi ambayo kwenye ramani haipo. Huyo ndo Nowowiejski.

Hilo jina linatamkwaje?

No-vo-VYEY-ski, mkazo unakaa kwenye VYEY. Kipolandi herufi w inasomwa v, na j inasomwa y. Mkazo wa Kipolandi kwa kawaida uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili, kwa hiyo sisi tukishajua herufi zao hatuna kazi kubwa. Barczewo ni Bar-CHE-vo. Poznań malizia na "ny" kama ile ya nyumba, ila usiweke irabu baada yake.

Ndo yule askofu mwenye heri?

Hapana, hao ni wawili tofauti na watu wanawachanganya sana hasa Wakatoliki. Askofu mkuu Antoni Julian Nowowiejski wa Płock aliuawa na Wanazi mwaka 1941, Papa Yohane Paulo II akamtangaza mwenye heri mwaka 1999 pamoja na mashahidi wengine 107. Feliks alikuwa mlei, ana mke na watoto watano. Papa Pius XI alimpa cheo cha heshima kwenye nyumba ya Papa kwa sababu ya muziki wake wa kanisa, labda hapo ndo watu wanapochanganya.

Alikuwa Mjerumani au Mpolandi?

Hili ndo swali la maisha yake yote, kwa hiyo tulia kidogo. Poland iligawanywa na majirani zake watatu, Prussia, Urusi na Austria, kwa awamu, na ilipofika mwaka 1795 ikawa imefutika kabisa, ikaja kurudi 1918. Warmia ilichukuliwa na Prussia tangu mgawanyo wa kwanza wa 1772. Kwa hiyo Feliks anazaliwa 1877, karatasi zake zinasema ni raia wa ufalme wa Prussia, mji wake kiserikali unaitwa Wartenburg, shuleni anafundishwa Kijerumani, na jeshi atakaloitwa ni la Kijerumani. Lakini nyumbani baba yake, Franciszek, fundi cherehani, alikuwa mtu wa mambo ya Kipolandi, vitabu vya Kipolandi, nyimbo za Kipolandi. Feliks alikuwa wa tano kati ya watoto 11.

Wakati huohuo serikali ilikuwa inabana Kipolandi kila kona. Mwaka 1901 kwenye mji wa Września watoto wa shule walichapwa viboko kwa sababu walikataa kusoma dini kwa Kijerumani. Yani mtoto anapigwa kwa sababu anataka kusali kwa lugha ya mama yake. Ukilijua hilo, wimbo wake maarufu utauelewa bila kuelezwa sana.

Kwa hiyo jibu ni kwamba elimu yake ni ya Ujerumani karibu yote, na moyo akauweka Poland, na alilipia huo uamuzi, nitafika huko.

Muziki alianzia wapi?

Nyumbani kwanza, halafu akiwa na miaka kama 10 hivi akapelekwa shule ya muziki iliyokuwa kwenye kanisa la hija la Święta Lipka, akakaa mpaka 1893. Huko alijifunza nadharia, kinanda, piano, violini, cello, hadi tarumbeta la honi.

Ngoja niwaambie kuhusu kinanda cha hilo kanisa maana mi nikikifikiria naona kabisa jinsi mtoto wa fundi cherehani alivyosimama pale chini mdomo wazi. Kilijengwa miaka ya 1719 mpaka 1721 na fundi Johann Josua Mosengel wa Königsberg. Uso wake wote umejaa sanamu, na zile sanamu zinatembea! Mpigaji akifungua mtambo wake, malaika wanaanza kupuliza tarumbeta, wengine wanapiga vyombo vyao, kengele ndogo zinalia, malaika Gabrieli anainama mbele ya Bikira Maria, na Bikira Maria anaitikia kwa kichwa. Wakati kinajengwa hakukuwa na umeme, ni mbao, upepo na ufundi wa karne ya 18. Mpaka leo mahujaji na watalii wanaenda kukiona kikichezeshwa. Sasa mtoto anayeishi na hicho kitu kila siku kuanzia miaka 10 hadi 16, we unategemea akue awe nani?

Ada ya kusoma Berlin aliipata wapi kama baba ni fundi cherehani?

Aliitafuta kwa kalamu. Mwaka 1893 familia ilihamia Olsztyn, mji wa hukohuko Warmia, biashara ya baba ikawa inayumba, Feliks akaingia kwenye bendi ya kikosi cha jeshi la Prussia pale mjini, anapiga ili nyumbani wale. Ni kijana wa miaka 16 tu. Akawa anatunga pembeni, na mwaka 1898 akatuma machi yake, yani muziki wa gwaride, kwenye shindano la London, jina lake kwa Kiswahili ni "Chini ya bendera ya amani", akashinda. Ile hela ndo iliyompeleka kusoma Konservatori ya Stern, chuo cha muziki cha Berlin, kwa miezi michache.

Akarudi Olsztyn akawa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Yakobo. Katikati ya hiyo kazi akaenda Regensburg kwenye shule ya muziki wa kanisa, huko walikuwa wanashika sana wimbo wa Gregoriani, ule wa kanisa wa zamani wa sauti moja, na polifonia ya zamani ya kina Palestrina, yani sauti kadhaa kila moja na melodia yake. Mnaoimba Gregoriani mtalisikia hilo kwenye kazi zake za baadaye, sauti haziendi ovyo, kila moja inajua inakotoka.

Mwaka 1900 akarudi Berlin, safari hii kwenye darasa la juu la utunzi la Max Bruch, yule wa konseto ya violini (kazi kubwa ya chombo kimoja na orkestra) ambayo hata asiyejua muziki amewahi kuisikia mahali. Mwaka 1902 akapata Zawadi ya Meyerbeer kwa oratorio yake, hadithi ya kuimbwa, kuhusu mwana mpotevu. Zawadi ilikuwa na pesa nzuri na masharti ya kusafiri, akazunguka Ulaya miaka miwili, akakutana na watunzi wakubwa wa wakati ule, Dvořák, Mahler, Saint-Saëns. Mwaka 1904 akaichukua tena zawadi hiyohiyo. Kila hatua ya shule yake kubwa ililipiwa na kitu alichotunga mwenyewe kabla, na hilo nawaambiaga vijana wangu kila wakisema hawatungi kwa sababu hawana hela ya shule.

"Quo vadis" yake ndo ile sinema?

Sio sinema. Ni oratorio, yani hadithi kubwa ya kuimbwa na waimbaji wa solo, kwaya na orkestra bila kuigiza. Chanzo ni riwaya ya Henryk Sienkiewicz, Mpolandi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, na riwaya hiyohiyo ndo iliyozaa na sinema, kwa hiyo hadithi ni moja. Roma inawaka moto chini ya Nero, Wakristo wanajificha, Petro anatoka mjini anakimbia, njiani anakutana na Kristo anamuuliza, "Bwana, unakwenda wapi?" Ndo maana ya hayo maneno ya Kilatini.

Ilipigwa mara ya kwanza 1907 huko Ústí nad Labem, ambako sasa ni Ucheki. Amsterdam mwaka 1909 ndo ikalipuka, na 1912 ikafika Carnegie Hall, New York. Kabla ya Vita ya Pili ilikuwa imeshaimbwa kwenye miji zaidi ya 100 Ulaya na Marekani. Hebu fikiria, mtunzi yuko hai, ana miaka thelathini na kitu, na kwaya za nchi ambazo hajafika zinashika nota zake.

Maneno yaliandikwa kwa Kijerumani, na hilo lilikuja kuwa shida baadaye kwa pande zote mbili.

"Rota" ni nini hasa, na kwa nini kila Mpolandi anaijua?

Rota maana yake kiapo. Mashairi ni ya Maria Konopnicka, aliyaandika 1908 akiwa na hasira ya jinsi Prussia ilivyokuwa inawanyang'anya Wapolandi ardhi na lugha, na mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kuwaondoa kwa nguvu kwenye mashamba yao. Kinachoapwa ni kwamba hatuiachi ardhi ya mababu, lugha yetu hatukubali izikwe, watoto wetu hawatageuzwa kuwa Wajerumani. Kila ubeti unaishia na kuomba Mungu awe msaada kwenye hicho kiapo.

Mwaka 1909 Nowowiejski alihamia Kraków kuongoza Chama cha Muziki cha pale. Kraków ilikuwa upande wa Austria, na Austria ilikuwa inawaachia Wapolandi wapumue kidogo, kwa hiyo mambo yasiyowezekana Poznań au Warszawa yaliwezekana Kraków. Tarehe 15 Julai 1910 ilikuwa inatimia miaka 500 tangu vita vya Grunwald, siku ambayo majeshi ya Poland na Lithuania yaliwapiga wale wapiganaji wa shirika la kidini la Kijerumani wanaoitwa Teutonic Knights, mwaka 1410. Ignacy Jan Paderewski, mpiga piano aliyekuja kuwa waziri mkuu 1919, alikuwa amelipia mnara mkubwa wa kumbukumbu. Umati ukajaa uwanja mzima, watu wametoka sehemu zote tatu za nchi iliyokatwakatwa. Mnara ukafunuliwa. Nowowiejski, miaka 33, amesimama mbele ya kwaya za pamoja, mamia ya waimbaji, akanyanyua mkono, na Rota ikaimbwa hadharani kwa mara ya kwanza kwa sauti aliyoitunga yeye.

Na kumbuka alikotoka. Uwanja wenyewe wa vita vya Grunwald hauko mbali na Olsztyn, ni huko kwao. Kijana aliyepiga kwenye bendi ya jeshi la Prussia ndo huyo sasa anawaongoza watu wake kuapa. Konopnicka alifariki Oktoba ya mwaka huohuo.

Kimuziki haina fumbo. Inatembea taratibu kama maandamano ya ibada, inapanda hatua kwa hatua, kisha ile sehemu ya kiapo inarudiwa mara mbili kwa nguvu. Sauti hazijapandishwa sana, mtu wa kawaida asiye mwanakwaya anaweza kuifikia, na hiyo ni kazi ya mtu anayejua kwaya. Kuandika kitu kigumu kwa orkestra ni kazi, lakini kuandika kitu ambacho mama wa sokoni atakishika kwa kusikia mara mbili na bado hakichoshi baada ya miaka mia moja, hiyo wachache sana wameiweza.

Kwa hiyo ndo wimbo wa taifa wa Poland?

Hapana. Baada ya uhuru wa 1918 ilikuwa kati ya nyimbo zilizopendekezwa, lakini ulioshinda ni ule wa zamani zaidi, Mazurka ya Dąbrowski, ukathibitishwa miaka ya 1920. Rota imebaki wimbo wa kizalendo na kwenye shughuli za kitaifa inaimbwa watu wamesimama.

Na hapa ndo uchungu wangu ulipo. Rota imemmeza. Ukimtaja kwa Wapolandi wengi watakwambia "aah, yule wa Rota", basi, imeisha. Mtu ameandika opera, simfoni, misa, oratorio, na mzigo mkubwa wa kinanda, halafu anakumbukwa kwa dakika tatu. Mi nasema tuzipende hizo dakika tatu lakini tusiishie hapo.

Ilikuwaje kwenye Vita ya Kwanza, na ile kura ya 1920?

Vita ilipoanza 1914 alikuwa Berlin, na kwa sababu ni raia wa Prussia akaandikishwa jeshini, muziki ukamwokoa, wakamweka kwenye orkestra ya kikosi. Vita imeisha, 1919 akahamia Poznań na familia yake, mji ambao ulikuwa umerudi Poland.

Halafu ikaja kura ya Warmia na majirani zake, 11 Julai 1920, wananchi waamue wanataka kubaki Prussia Mashariki au kwenda Poland. Nowowiejski aliingia kwenye kampeni ya Poland mzimamzima, akaenda kwao, akafanya konsati, akafundisha nyimbo, akatunga wimbo "O Warmio moja miła", yani "Ee Warmia yangu mpendwa". Matokeo yakawa mabaya kabisa kwa upande wake, zaidi ya asilimia 97 walichagua Prussia Mashariki. Wapolandi wenyewe walikuwa kwenye hali ngumu wakati huo, jeshi la Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, lilikuwa linasogea kuelekea Warszawa, na watu hawapendi kuhamia nyumba ambayo inaonekana inaungua.

Yeye akapoteza vyote viwili. Warmia haikuja, na Ujerumani, ambako kazi zake zilikuwa zinapigwa sana, marafiki wengi wa zamani walikata mawasiliano na kumbi zikaanza kumsusia. Alikuwa na miaka 43. Mtu angeweza kukaa kimya tu akala matunda ya "Quo vadis" yake. Hakukaa.

Kama mwalimu alikuwa anafundisha nini?

Kuanzia 1920 mpaka 1927 alikuwa profesa Konservatori ya Poznań, anafundisha kinanda, improvizesheni, muziki wa kanisa na kuongoza orkestra. Improvizesheni, yani kutunga papo hapo huku unapiga, kwa mpiga kinanda wa Katoliki sio mapambo. Padri amechelewa kutoka sakristia, au watu wa kukomunika ni wengi kuliko wimbo ulioandaliwa, na wewe inabidi uendelee bila kukatika, kwenye ufunguo uleule, ukae tayari kusimama wakati wowote. Mabwana wa Ulaya wanaisomea miaka. Mwaka 1927 akaacha ualimu wa kudumu ili atunge na kufanya konsati za kinanda. Wanawe nao wakaja kuwa wanamuziki.

Aliandika opera?

Ndiyo, "Legenda Bałtyku", yani hadithi ya bahari ya Baltiki, ilionyeshwa mara ya kwanza Poznań tarehe 28 Novemba 1924. Mvuvi maskini anaitwa Doman anampenda binti anaitwa Bogna, ila ili ampate inabidi ashuke kwenye mji uliozama baharini, unaitwa Wineta. Watu wa pwani mtaipenda hii bila tafsiri, bahari yenye wenyewe wanaoishi chini. Kaandika na baleti pia.

Simfoni za kinanda ni kitu gani? Simfoni si ya orkestra?

Hapa ndo nilikuwa nasubiri mfike.

Kwa kawaida simfoni ni ya orkestra kweli. Lakini Ufaransa karne ya 19 walianza kujenga vinanda vikubwa vya mabomba vyenye rangi nyingi za sauti, filimbi, tarumbeta, nyuzi, besi za kutikisa sakafu, mpaka mtunzi akiwa na mpigaji mmoja tu ana kama orkestra nzima mkononi. Charles-Marie Widor akaandika simfoni 10 za kinanda peke yake, Louis Vierne akaandika 6. Nowowiejski akaandika 9, zote zimekusanywa kama opus 45, yani kazi namba 45 kwenye orodha yake, zimetoka kwenye miaka ya kuzunguka 1930, na kwenye kinanda cha Poland hamna mtu aliyejenga kitu kikubwa hivyo kabla yake. Mwaka 1931 chama cha muziki wa kinanda cha London kilimpa uanachama wa heshima kwa ajili ya hizo. Juu yake kuna konseto 4, opus 56, nazo ni za kinanda peke yake hata kama jina linakufanya utafute orkestra.

Kwa ambao hamjawahi kukaribia kinanda cha mabomba, sio kama kibodi yetu ya parokiani. Kuna safu mbili, tatu au nne za vibonyezo vya mikono, chini kuna safu nzima ya mbao za kupigwa kwa miguu, kisigino na ncha ya kiatu, pembeni kuna vishikio vya kuvuta, kila kimoja kinafungulia hewa kundi lake la mabomba. Mpigaji wa Nowowiejski anakaa pale miguu inakimbia melodia nzima peke yake, mikono iko kwenye safu tofauti, na msaidizi kasimama pembeni anavuta vishikio na kugeuza kurasa. Mi mara ya kwanza niliisikiliza kwa earphone usiku, umeme ulikuwa umekatika, simu ina asilimia 20, na ile mwanzo mzito ulipoingia nilishika ukingo wa kitanda. Kuna mahali ghafla kila kitu kinanyamaza inabaki sauti moja nyembamba inaimba kitu kinachofanana na Gregoriani, kama mtu mmoja amebaki kanisani baada ya Misa. Regensburg ndo hiyo. Halafu Berlin inarudi, akodi nene za Kijerumani, na juu yake rangi za Kifaransa. Nchi alizokaa au alizopita zote unazisikia ndani ya kinanda kimoja.

Hizi simfoni zilichelewa kuenea. Yeye ni Mpolandi aliyesusiwa Ujerumani, na muda mfupi baadaye ikaja vita. Siku hizi zimerekodiwa zote, zipo mtandaoni.

Vita ya Pili ilimkuta wapi?

Poznań. Wajerumani waliingia 1939 na sehemu hiyo wakaiunganisha kabisa na nchi yao, Wapolandi wasomi na viongozi wanakamatwa, na mtu aliyetunga Rota huwezi kusema alikuwa hajulikani. Akajificha kwenye hospitali iliyokuwa chini ya masista, baadaye akafika Kraków na familia. Ule mnara wa Grunwald aliousimamia kwaya mwaka 1910 Wanazi waliubomoa, uliosimama leo ulijengwa upya 1976.

Kraków aliendelea kuandika mpaka alipopigwa na kiharusi mwaka 1941, na hapo utunzi ukaisha. Vita ilipoisha 1945 akarudi Poznań. Mwaka huohuo Warmia ikawa ya Poland, ile aliyoipigania kwa nyimbo miaka 25 kabla, ingawa ilikuja kwa njia ya vita na watu wengi wa pale kuhamishwa, sio kwa kura. Januari 1946 akafariki, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 69. Amelazwa kwenye kripta, chumba cha makaburi chini ya kanisa, ya kanisa la Mtakatifu Adalberti, Poznań, wanapozikwa watu waliotukuka wa mkoa ule.

Ana uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Yeye mwenyewe hapana, nisiwadanganye. Ila Wapolandi wa zama zake wapo kwetu. Wakati wa Vita ya Pili maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliotoka kwenye kambi za Urusi, waliletwa huku, Tengeru karibu na Arusha walikuwa kama 5,000, na Uganda walikuwa Masindi na Koja. Tengeru makaburi yao yapo mpaka leo yanatunzwa, na Nyabyeya kule Masindi kanisa walilolijenga bado linasimama. Hicho ni kizazi kilichokulia kwenye Poland ambayo Rota ilishakuwa wimbo wa kila shughuli ya taifa. Ukipita Tengeru ukasoma yale majina kwenye mawe, unajua ni watu wa aina gani aliowaandikia.

Mi ni mpiga kinanda wa kawaida, kibodi yetu haina pedali. Naanzia wapi?

Usianze na simfoni, utakata tamaa bure, na bila pedali nusu ya muziki haipo. Anza na kwaya. "Parce Domine" yake ni moteti, yani wimbo wa kwaya wa kanisa kwa Kilatini, ya Kwaresima, maneno ni ya nabii Yoeli, uwahurumie watu wako ee Bwana, na kwaya yenye besi nzuri inaifanya vizuri sana. Muhimu msikimbie, na alto wasijifiche. Rota nayo mnaweza kuifundishia kitu kimoja tu, jinsi ya kupandisha sauti kidogokidogo bila kupiga kelele.

Kuhusu haki, kule Ulaya ulinzi unadumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo kazi zake mwenyewe zilikuwa huru kuanzia 2017. Angalia tu kama toleo unalotumia limepangwa upya na mtu mwingine, huyo ana haki zake.

Nikipata bahati ya kwenda Poland nione nini?

Barczewo, nyumba aliyozaliwa ni makumbusho. Poznań kuna nyumba aliyoishi na lile kaburi. Święta Lipka lazima, mkasikilize kinanda na sanamu zake, mtanikumbuka. Bydgoszcz chuo kikuu cha muziki kina jina lake, na filamonia, yani orkestra, ya Olsztyn pia. Bunge la Poland liliutangaza mwaka 2016 kuwa mwaka wake.

Lakini mi ningekwambia panga ratiba uwe Olsztyn saa sita mchana. Simama karibu na jengo la manispaa, subiri. Mji uleule alikopiga kwenye bendi ya Prussia ili ndugu zake wale, mkoa uleule uliomkatalia kwa asilimia 97. Saa sita ikigonga, kutoka juu kwenye mnara zinashuka nota za mwanzo za "O Warmio moja miła".